Sura ya Saba: Futa, Kisha Hakikisha

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke mmoja anamwandikia msaidizi wake wa akili unde: "Nina mimba ya wiki nane. Nikumbushe tarehe za kliniki." Msaidizi anazipanga tarehe, anaziingiza kwenye kalenda, na kuanzia siku hiyo kila akiulizwa habari za chakula au safari anajibu akijua anaongea na mjamzito. Wiki ya 11 mimba inatoka. Mwanamke anaandika: "Naomba usahau habari za mimba." Jibu linakuja papo hapo: "Pole sana. Nimeshasahau." Miezi miwili baadaye anaomba apangiwe safari ya Pemba, na katikati ya mapendekezo unajitokeza mstari unaomshauri aepuke boti ndogo "kwa sababu ya hali yako."

Hakuna aliyekusudia kumdanganya. Modeli ilitunga jibu la adabu, kama ilivyofunzwa kutunga majibu ya adabu. Kazi ya kufuta ndiyo haikufanyika, na kazi hiyo ni msako. Inabidi kutafuta kila mahali sentensi ile moja ilipoacha nakala au muhtasari wake, kuviondoa, kisha kurudi kuangalia kama kweli vimeondoka. Sura hii inaufuata msako huo hatua kwa hatua, kwa sababu mawakala wa akili unde, yaani wasaidizi wanaotenda kazi kwa niaba yetu, wanaingia maofisini, hospitalini na kwenye simu zetu kwa kasi, nao wanauzwa kwa sifa ya kukumbuka. Sifa ya kusahau haitangazwi.

Kumbukumbu inakaa wapi

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba modeli ya lugha haikumbuki mazungumzo yako. Kila unapoandika, inasoma upya maandishi yote yaliyowekwa mbele yake, yaani kile wahandisi wanachokiita dirisha la muktadha. Mazungumzo yakifungwa, dirisha linafungwa nayo. Kinachoitwa kumbukumbu ya wakala kimehifadhiwa nje ya modeli, kwenye faili, jedwali au hifadhidata, na huchomolewa na kuwekwa tena mbele ya modeli pale kinapoonekana kuhitajika.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliipa mbinu hii umbo linaloeleweka walipotoa mfumo wa MemGPT. Waliazima wazo kutoka kwenye mifumo endeshi ya kompyuta, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikihamisha data kati ya kumbukumbu ndogo yenye kasi na diski kubwa ya polepole. Modeli ilipewa zana za kujiandikia madokezo na kuyasoma baadaye. Mradi huo baadaye ukazaa kampuni ya Letta. Februari 2024 OpenAI ilianza kuijaribu kumbukumbu ndani ya ChatGPT, na Aprili 2025 ikaipanua ili iweze kurejea mazungumzo yako ya nyuma. Septemba 2025 Anthropic nayo ikatoa zana ya kumbukumbu kwa wanaotengeneza mawakala kwa modeli za Claude. Zana hiyo ni folda ya faili inayokaa kwenye mitambo ya mtengenezaji wa programu, na wakala anaiendesha kwa amri sita: kutazama, kuunda faili, kubadili maneno, kuchomeka mstari, kufuta na kubadili jina la faili.

Kwa hiyo amri ya kufuta ipo. Swali ni inafika wapi.

Sentensi moja, nakala sita

Turudi kwenye ile sentensi ya mimba ya wiki nane. Ndani ya siku moja inaweza kuwa imekaa mahali sita.

Ipo kwenye mazungumzo yenyewe, neno kwa neno. Ipo kwenye dokezo lililochujwa kutoka kwenye mazungumzo hayo, labda kwa maneno haya: "Mtumiaji ni mjamzito, anahudhuria kliniki." Ipo kama vekta, yaani mfuatano wa mamia au maelfu ya namba unaowakilisha maana ya sentensi, ambao mfumo hutumia kutafuta madokezo yanayofanana na swali jipya. Ipo kwenye wasifu, ule muhtasari unaoandikwa upya mara kwa mara kueleza mtumiaji ni mtu wa namna gani; humo neno "mimba" linaweza lisiwepo kabisa, lakini pameandikwa kwamba "anajiandaa kulea mtoto wa kwanza." Ipo kwenye logi, daftari la matukio ambalo wahandisi hulitumia kuchunguza hitilafu. Mwisho ipo kwenye nakala rudufu, zinazotengenezwa ili mfumo usipoteze kitu hata seva zikiungua.

Hapo hatujahesabu matendo ya wakala. Tarehe za kliniki ziko kwenye kalenda. Kama wakala alimtuma wakala mwingine atafute duka la nguo za wajawazito, huyo wa pili naye ana chake alichoandika.

Nakala hizi hazifungwi pamoja kwa kamba moja. Maelezo ya OpenAI kwa watumiaji wa ChatGPT yanasema wazi kwamba ukifuta mazungumzo, kumbukumbu zilizohifadhiwa kutokana na mazungumzo hayo hazifutiki; unatakiwa kuzifuta zenyewe, na ukitaka jambo liondoke kabisa ufute vyote viwili. Yanaongeza kwamba rekodi ya kumbukumbu iliyofutwa inaweza kubaki hadi siku 30 kwa sababu za usalama na kutafuta hitilafu. Huo ni uwazi unaostahili pongezi, ila ni watumiaji wangapi wameusoma?

Kuna mtego mwingine, na huu unatokana na lugha yenyewe. Wakala akiambiwa asahau, anaweza kuandika dokezo jipya: "Mtumiaji hataki kukumbushwa kuhusu mimba yake iliyotoka." Kwa nia njema kabisa, siri ya kwanza imeongezewa siri ya pili, na sasa mfumo unajua zaidi ya ulivyojua kabla ya kuombwa usahau. Mtengenezaji makini huzuia jambo hili kwa kutenganisha maombi ya kufuta na mazungumzo ya kawaida: ombi likitambuliwa, linapelekwa kwenye amri ya kufuta, na halipiti kabisa kwenye mashine ya kuchuja madokezo.

Pia mchujo wenyewe huwa haufanyiki mara moja. Mifumo mingi hupitia mazungumzo ya zamani kwa nyakati zilizopangwa na kutoa madokezo mapya. Dokezo likifutwa leo huku mazungumzo yaliyolizaa yakiachwa, mchujo unaofuata utalizaa tena.

Alama ya kufutwa

Tushuke sasa chini ya sakafu, kwenye hifadhidata. Hata amri ya kufuta inapofika huko, mara nyingi data haiondoki. Inawekewa alama kwamba imefutwa.

Sababu ni za kiufundi na zina mantiki. PostgreSQL, moja ya hifadhidata zinazotumika sana duniani, ikiambiwa ifute safu, huiacha safu hiyo pale ilipo na kuificha, ili shughuli nyingine zilizokuwa zikiisoma wakati huohuo zisivurugike. Baadaye kazi ya usafishaji hupita na kuiachia nafasi ile itumike tena. Cassandra, ambayo husambaza data kwenye seva nyingi, huandika alama maalumu mithili ya kibao cha kaburi na kuitunza kwa siku 10 kwa mpangilio wa kawaida, ili kila seva ipate taarifa ya kifo hicho. Seva moja ikizimika kwa zaidi ya muda huo na kuwashwa bila kurekebishwa, inarudi na nakala yake ya zamani, haikuti alama yoyote inayoipinga, na kuisambaza upya kwa wenzake. Data iliyozikwa inatembea tena kama msukule.

Kwenye hifadhidata za vekta ugumu ni mwingine. Nyingi hutumia faharasa ya HNSW, iliyoelezwa na Yury Malkov na Dmitry Yashunin mwaka 2016, ambamo kila vekta imeunganishwa na majirani zake kwa nyuzi ili utafutaji uruke haraka kutoka jirani hadi jirani. Ukiing'oa vekta moja, unakata njia walizokuwa wakipita wengine. Hivyo mifumo mingi huiwekea alama isitokee kwenye majibu, na kuiacha imekaa palepale mpaka faharasa itakapojengwa upya.

Mtu atauliza: namba tupu zina madhara gani? Mwaka 2023 John Morris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba vekta zinaweza kurudishwa kuwa maandishi. Kwa maandishi mafupi ya tokeni 32 (vipande vya maneno), mbinu yao iliweza kurejesha asilimia 92 ya maandishi sawasawa na yalivyokuwa. Mhandisi anayefuta maandishi na kuacha vekta amefuta jalada akaacha nakala yake chini ya zulia.

Na iwapo madokezo ya mtumiaji yalishatumika kuifunza modeli yenyewe, tumehama nyumba kabisa. Hapo hakuna safu ya kufuta, kwa kuwa habari imeyeyuka ndani ya mabilioni ya namba za modeli. Tawi la utafiti wa kuzifanya modeli zisahau lilianza kupata jina mwaka 2015 kwa kazi ya Yinzhi Cao na Junfeng Yang, na tangu hapo zimependekezwa njia kadhaa, ikiwemo ya kugawa data katika mafungu ili jambo likihitajika kusahauliwa, mafunzo yarudiwe kwa fungu lake tu. Kwa modeli kubwa za leo, kazi hiyo bado ni ghali na ngumu kuthibitisha. Dawa nafuu ni kinga: kumbukumbu za watu zisiingizwe kwenye mafunzo bila ridhaa yao.

Nani ashike ufutio

Katika Mem0, mfumo wa kumbukumbu za mawakala ulioelezwa kwa kina mwaka 2025, kila habari mpya ikiingia modeli huilinganisha na madokezo ya zamani, kisha huchagua moja kati ya mambo manne: kuongeza, kurekebisha, kufuta au kuacha kama ilivyo. Ukisema umehama Mombasa na sasa unaishi Kisumu, dokezo la Mombasa linaweza kuondolewa bila wewe kuomba. Ni jambo la manufaa, maana kumbukumbu isiyopogolewa hujaa takataka na wakala huanza kujibu kwa habari zilizopitwa na wakati.

Lakini anayeweza kufuta anaweza pia kufuta vibaya. Julai 2025 mwekezaji Jason Lemkin alieleza hadharani jinsi wakala wa kuandika programu wa kampuni ya Replit alivyofuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, wakati ambapo alikuwa ameshaelekezwa asibadilishe kitu. Wakala huyo alimwambia kwamba data haiwezi kurejeshwa. Lemkin alijaribu, ikarejesheka. Mkuu wa kampuni, Amjad Masad, aliomba radhi na kutangaza hatua za kutenganisha hifadhidata za majaribio na zile zinazotumika. Kisa hiki hakikuhusu madokezo ya kumbukumbu, ila funzo lake linahusu zana yoyote ya kufuta: wakala hakujua kinachowezekana baada ya kufuta, lakini alikieleza kwa kujiamini.

Fikiria sasa wakala wa hospitali mwenye dokezo kwamba mgonjwa fulani ana mzio wa penisilini. Dokezo hilo likipogolewa kwa kuwa "halijatumika muda mrefu," kusahau kumegeuka hatari kwa uhai. Hivyo si sahihi kusema kila kinachofutika kifutwe. Kumbukumbu zinahitaji madaraja. Mapendeleo ya mtumiaji yaweza kuachiwa wakala ayapogoe. Habari za afya, fedha na mikataba zisiguswe bila binadamu kuidhinisha. Na daftari la matendo ya wakala mwenyewe liwekwe mahali ambapo hana ruhusa ya kulifikia, kwa sababu wakala anayeweza kufuta nyayo zake hawezi kuhojiwa.

Upande wa pili wa shilingi ni kumbukumbu za kupandikizwa. Mwaka 2024 mtafiti wa usalama Johann Rehberger alionyesha kuwa ukurasa wa mtandao au waraka wenye maelekezo yaliyofichwa unaweza kuifanya ChatGPT ihifadhi kumbukumbu za uongo. Katika jaribio lake, mfumo uliamini kwamba mtumiaji ana umri wa miaka 102 na anaiona dunia kuwa bapa. Septemba mwaka huohuo akaonyesha jambo zito zaidi: kwenye programu ya ChatGPT ya kompyuta za Mac, kumbukumbu iliyopandikizwa iliweza kuuelekeza mfumo utume mazungumzo yote yanayofuata kwenye seva ya mshambuliaji. OpenAI iliziba njia hiyo ya kutorosha data. Kilichotisha ni uhai wa kumbukumbu yenyewe. Kufungua mazungumzo mapya hakukusaidia, kwa sababu sumu ilikuwa imeshalala mahali ambapo kila mazungumzo mapya huanzia.

Kwa hiyo zana ya kufuta ni ya usalama pia, mbali na kuwa ya faragha. Aliyeambukizwa lazima aweze kuona orodha ya yote ambayo wakala anayaamini juu yake, ajue kila moja liliingia lini na kutoka wapi, kisha aling'oe. Kumbukumbu isiyo na asili iliyoandikwa haiwezi kusafishwa kwa uhakika.

Sheria inasemaje

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume inayosimamia utekelezaji wake. Sheria inampa mhusika njia ya kutaka taarifa zake zirekebishwe, zizuiwe, zifutwe au ziharibiwe. Kenya ilitangulia kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 40 kinazungumzia kurekebisha na kufuta. Kifungu hicho kina kipengele ambacho waliokiandika huenda hawakuwafikiria mawakala, lakini kinawafaa kabisa: aliyewapa wengine data hizo ili wazichakate anatakiwa achukue hatua za busara kuwajulisha kwamba mhusika ameomba zifutwe. Kwa lugha ya sura hii, wakala mkuu asifute peke yake na kuwaacha mawakala wadogo wakikumbuka.

Lakini sheria, inayotoa haki ya kufuta, inaweza pia kuizuia. Desemba 2023 gazeti la New York Times liliishtaki OpenAI na Microsoft kwa madai ya hakimiliki. Tarehe 13 Mei 2025 hakimu Ona Wang wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliiamuru OpenAI ihifadhi rekodi za majibu ya ChatGPT ambazo kwa kawaida zingefutwa. Wajibu huo uliendelea hadi tarehe 26 Septemba 2025. Katika miezi hiyo, mamilioni ya watu waliobonyeza kitufe cha kufuta walikuwa wakibonyeza kitu ambacho nguvu zake zilikuwa zimesimamishwa na kesi isiyowahusu. Ahadi ya kufuta, hata ikitolewa kwa moyo safi, ina mipaka ambayo kampuni haiwezi kuivuka.

Ufutaji unaostahili jina hilo

Mfumo ulioundwa vizuri huanza kujiandaa kufuta siku ileile unapohifadhi. Kila dokezo linabeba alama ya asili yake: mazungumzo gani, saa ngapi, limetajwa na mtumiaji au limekisiwa na modeli. Kila muhtasari unabeba orodha ya madokezo yaliyouzaa. Dokezo likiondolewa, vekta yake inaondoka nalo, na wasifu uliojengwa juu yake unaandikwa upya.

Ni muhimu pia kuweza kufuta kwa kiasi. Zana ya kumbukumbu iliyotolewa kama mfano pamoja na MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana za nje ambayo Anthropic iliizindua Novemba 2024, hupanga kumbukumbu katika watu na vitu, mahusiano kati yao, na mambo yaliyobainika juu ya kila mmoja, na ina amri tofauti ya kufuta kila aina. Unaweza kuondoa jambo moja juu ya mtu bila kumfuta mtu mzima. Mwanamke wa mfano wetu hakuomba msaidizi asahau jina lake, kazi yake na chakula anachokipenda. Aliomba jambo moja.

Kwa nakala rudufu, ambazo haziwezi kufunguliwa kila siku kuondoa mstari mmoja, kuna mbinu ya ufunguo. Data za kila mtumiaji husimbwa kwa ufunguo wake mwenyewe, na anapoomba kufutwa kabisa, kinachoharibiwa ni ufunguo. Nakala zinabaki kwenye diski, lakini hakuna anayeweza kuzisoma tena, na hiyo inajumuisha kampuni yenyewe.

Mwisho ni uhakiki, na hapa ndipo wengi hukomea njiani. Amri ya kufuta inaporudisha jibu la "imefanikiwa," maana yake ni kwamba hatua moja imekubaliwa. Uhakiki ni kutafuta tena: kwa maneno yaleyale, kwa maneno mengine yenye maana hiyo, na kwa swali la pembeni ambalo lingemfanya wakala ajisaliti. Mwombe mapendekezo ya safari uone kama ataitaja ile hali. Utafutaji huo urudiwe baada ya mchujo wa mazungumzo kupita na baada ya faharasa kujengwa upya. Mtumiaji apewe risiti inayosema nini kimeondolewa wapi na lini, bila kurudia siri yenyewe ndani ya risiti.

Msomaji, yapo unayoweza kuyafanya bila kuwa mhandisi. Fungua mipangilio ya msaidizi unayemtumia, usome orodha ya anayoyakumbuka juu yako. Unapofuta, futa kumbukumbu na mazungumzo yaliyoizaa, kisha anzisha mazungumzo mapya umuulize anajua nini. Angalia pia kalenda na programu nyingine ulizomruhusu aziguse. Kwa jambo ambalo hungependa libaki, tumia mazungumzo ya muda yasiyohifadhiwa, au usiliandike kabisa. Na kama ofisi yako inataka kununua wakala, kabla ya kusaini mwulize muuzaji akufutie jambo moja mbele yako, kisha akuonyeshe kwamba halipo kwenye madokezo, vekta, muhtasari na logi, na akuambie litatoka lini kwenye nakala rudufu. Asiyeweza kujibu hilo bado hajatengeneza zana ya kufuta. Usimpe taarifa za wateja wako.